Michi Mitatu katika Kinu cha Bibi

Asubuhi ya leo nilikuwa nafua nguo hapa Morogoro mjini, nikasikia jirani anatwanga. Mchi mmoja tu. Pu, kisha kimya. Pu, kisha kimya. Mikono yangu ikasimama ndani ya maji. Nikainuka, nikakaa, nikainuka tena. Tangu hapo sijatulia, ndugu yangu, ndiyo maana naandika, ingawa mwandiko wangu ni wa polepole na shule niliyosoma ni ile ndogo ya misheni. Kusema mbele za watu siwezi. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Kwetu ni juu, milimani Uluguru, upande ambao ukungu hukaa mpaka jua lipande sana. Wakati ule wa Mdachi tulikuwa watatu nyumbani: bibi mzaa mama, dada yangu mkubwa, na mimi. Mama alikuwa amefariki. Bibi alibatizwa uzeeni. Kusoma hakujua hata herufi moja, lakini sala alizijua, naye alitaka kitu kimoja tu, atuone tumebatizwa kabla hajafa. Mwalimu wa dini alipanda kwetu mara chache, na mvua ikinyesha hakupanda kabisa. Basi bibi akatufundisha kinuni.

Tulitwanga watatu katika kinu kimoja. Michi mitatu hupokezana. Ukichelewa inagongana, mahindi yanaruka nje. Bibi aliikata Baba Yetu vipande. Mchi wake uliposhuka alitamka kipande chake, wa dada ukashuka na chake, wangu ukafuata na changu, mpaka tukafika Amina na pumba zimetujaa miguuni. Ukisahau, bibi hakukupiga. Alitazama mahindi yaliyomwagika akasema, "Haya, mke mwenzangu, leo umetupikia mchanga." Harufu ya maharage yakichemka na magimbi chini ya majivu, kwangu mpaka leo ndiyo harufu ya sala.

Kisha ikaja habari ya ulanga, yale mawe yanayong'aa, yanayobanduka tabaka kwa tabaka. Mzungu mmoja alifungua machimbo bondeni, akataka wanawake na wasichana wa kuyabandua. Mjomba alikuwa mnyapara huko, na kwetu mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake. Akapanda siku moja na doti ya nguo mpya mkononi, nyekundu kama pilipili.

"Mnashinda na kinu na padri," akasema. "Wenzenu kule wanavaa. Anayekaa mpaka kazi iishe anapewa kama hii."

"Nguo jioni utaivua," bibi akamjibu. "Sala utalala nayo."

"Mama, kwa baridi hii ya kwetu, ulale na sala bila nguo?"

Hata bibi alicheka. Dada hakucheka. Alikuwa anaipapasa ile nguo, na mimi nyuma yake nilitamani nami niipapase. Kesho yake alfajiri akamfuata mjomba.

Tukabaki na michi miwili. Bibi alitamka kipande chake, kisha pakawa na kimya mahali pa dada, kisha mimi. Nilimwomba atamke na cha dada. Akakataa. "Hicho kina mwenyewe. Tumwachie nafasi yake." Hivyo tukasali Baba Yetu yenye pengo. Kila siku nilitoka mara kwa mara kutazama njia ya bondeni, nikirudi ndani nasahau nilichofuata. Sikujua kama namngoja dada au naionea wivu nguo yake. Bibi alikuwa ameanza kukohoa. Mwalimu alisema padri anakuja kuwapima watoto sala kabla ya kuwabatiza, na atakayeshindwa atangoja mwaka mwingine. Usiku nilisikia kile kikohozi, nikajiuliza kama mwaka mwingine bibi atakuwepo.

Siku ilipofika kanisa lilijaa. Nikaitwa mbele, peke yangu. Nikatamka kipande cha bibi, ambacho nilizoea kukifuatisha kwa sauti ya chini, kisha nikanyamaza. Cha dada nilikuwa nimekisikia mara nyingi mno, lakini kinywa changu kilikuwa hakijawahi kukitamka, na watu walikuwa wananitazama.

"Endelea, binti," padri akasema.

Mtoto mmoja akacheka. "Kalala huyo!"

Ndipo sauti ikatoka mlangoni, inahema, ikitamka kile kipande kilichokosekana. Ilikuwa ya dada. Kinywa changu kikafunguka, nikatoa changu. Bibi akashindwa kujizuia, akatoa chake palepale alipokaa. Tukaenda hivyo, tukipokezana, mpaka Amina.

"Nimeuliza mtoto mmoja," padri akasema, "wamejibu watu watatu."

"Ndivyo tunavyotwanga, padri," bibi akamjibu.

Padri akacheka, lakini hakutusamehe. Alituambia sisi wawili tutoke, turudi kila mmoja na sala nzima. Tukakaa kwenye majani yenye umande. Dada alikuwa na kaniki yake ileile, imechanika begani.

"Nguo iko wapi?"

"Imebaki. Anayeondoka kabla ya kazi kuisha hapewi."

"Unaijutia?"

"Naijutia. Ilikuwa nzuri sana. Lakini kule kila nikianza Baba Yetu nafika penye kipande chako, nakwama. Niliposikia padri anakuja, nikakimbia. Haya, nipe chako, nikupe changu."

Tukapeana. Bibi alituona tukibatizwa, wote wawili kwa siku moja, akiwa amejifunika nguo ya gome la mti na blanketi la kuazima.

Sasa bibi hayupo. Vita vya Wazungu vilipopita milimani kwetu, askari walipasua kile kinu wakakitia motoni. Machimbo ya ulanga yameota nyasi. Dada ameolewa Mgeta, hatuonani. Sala nzima naijua peke yangu, lakini nikifika penye kipande chake bado huwa natua kidogo.

Leo, kabla sijashika kalamu, sikuweza kuvumilia ule mchi mmoja. Nilikwenda kwa jirani, naye ametoka mlimani kama mimi, nikachukua mchi wa pili bila kusema neno. Akanipisha. Mchi wangu ukashuka, nikatamka kipande cha bibi, nikanyamaza kama kawaida yangu. Binti yake mdogo, aliyekuwa akiokota mahindi yaliyoruka, akainua uso.

"Halafu?" akauliza.

Nikampa kipande cha dada.