Salamu ya Tatu Jikoni kwa Anti Aika

Saa moja na nusu asubuhi, jiko la shule moja ya msingi huko Neasden, London, linanukia mkate uliobanikwa. Aikaeli Mbise, mwenye miaka hamsini na miwili, anakoroga maharage ya kopo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anapanga vikombe vya maziwa ya moto. Aproni ameipiga pasi mpaka mikunjo inasimama.

"Dada Aika, leo umesuka kama unakwenda harusini!" anamtania Evans, mtunza majengo, Mtanzania mwenzake.

"Nyamaza wewe, fungua mlango watoto waingie. Leo ndiyo leo."

Na kweli, leo ndiyo leo. Mwalimu mkuu, Priscilla, amekuja mwenyewe na daftari lake. Baadhi ya walimu wamelalamika kwamba salamu za Aikaeli zinachelewesha foleni ya kifungua kinywa. Zikionekana zinapoteza muda, zinakoma leo hii. Zikionekana zinasaidia, Aikaeli, anayelipwa saa tatu tu kwa siku, atapewa chumba cha kukaa na watoto na kupelekwa kozi ya kuwasaidia watoto kutambua hisia zao na kuzituliza.

Salamu zenyewe ni za kwao, Usa River, Tanzania.

"Mwaka wangu wa kwanza hapa niliuliza mara moja tu, kama wenyeji," anasimulia. "Mtoto mmoja akanijibu 'fine'. Baadaye nikamkuta chooni analia, kumbe baba yake kahama usiku. Nilijilaumu! Kwetu nani anaishia salamu moja? Unauliza za asubuhi, za kulala, za nyumbani. Shida inatajwa kwenye ya tatu: wazima, ila mama yuko hospitali."

Tangu hapo kila mtoto anapata salamu tatu, kwa Kiswahili. Watoto wenye asili ya Poland, ya Somalia, wote wamezishika. Wanajibu kwa Kiingereza, lakini "ila" kila mmoja anaijua.

Watoto wanaingia, arobaini na wawili. Foleni inakwenda vizuri, Priscilla anaandika. Mpaka anapofika mtoto wa kumi na tisa.

Nishma, miaka minane, anapiga kiti teke, kinaanguka kwa kishindo. Koti lake limefungwa vifungo vya kupishana. Kila siku huletwa na bibi yake, Pramila, Mhindi aliyezaliwa Tanga, ambaye ndiye aliyemfundisha Kiswahili. Leo kaletwa na baba.

Aikaeli hagombi. Anachuchumaa.

"Habari za asubuhi, Nishma?"

"Fine!"

"Za kulala?"

"Si nimesema fine!"

Foleni imesimama. Priscilla anatazama saa yake. Huko nyuma mtoto analalamika mkate unapoa. Aikaeli anayaona yote hayo, lakini anauliza ya tatu taratibu, kama mtu asiye na haraka.

"Na za nyumbani, mwanangu?"

Nishma anainamia vifungo vya koti lake.

"Wazima," anasema, kwa Kiswahili cha bibi yake. "Ila bibi kachukuliwa na ambulensi. Hakuna aliyeniambia kama atarudi."

"Pole, mama. Nionyeshe, habari hiyo inakukaba wapi?"

Nishma anashika koo, kisha tumbo.

"Hapo pana hasira, au pana woga?"

Mtoto anafikiri. "Nilidhani hasira. Ni woga."

"Haya, woga tunaupoza kama chai."

Anampa kikombe cha maziwa akishike kwa mikono miwili. Anamwambia avute pumzi kwa pua, apulize polepole juu ya mvuke, mara kumi. Mara ya sita, mabega yanashuka.

Hapo ndipo Priscilla anapoweka daftari chini na kuchukua upawa.

"Endelea, Aika. Maharage nayapakua mimi."

"Mwalimu, mimi mzima, ila soksi zangu zimelowa!" anapaza sauti Solomon, wa miaka sita.

"Mimi mzima, ila leo ndiyo siku yangu ya kuzaliwa!" anadakia wa nyuma yake. Ukumbi mzima unacheka.

Foleni ilipokwisha, Priscilla alikwenda kumpigia simu baba yake Nishma. Akarudi mbiombio.

"Bibi yuko wodini, kifua kimetulia. Anauliza kama umekula!"

Nishma alikula vipande viwili vya mkate, akaomba cha tatu.

Kengele ilipolia, Priscilla alisema maneno machache tu: kozi inaanza Jumatano ijayo, chumba ni kile cha pembeni ya maktaba.

"Niliziba mdomo kwa aproni," anasema Aikaeli, machozi na kicheko pamoja. "Sikuthubutu kumwuliza mara ya pili, asije akaghairi!"

Sasa mipango inamtoka kama maji. Anataka mkeka, viti vifupi, birika la umeme. Akimaliza kozi, anataka kuwafundisha wapishi wa shule nyingine.

"Kila shule ina jiko," anasema, "na jikoni kuna mtu anayemwona mtoto kabla ya mwalimu."

Lakini kwanza amemtuma Evans na ngazi chumbani humo. Anataka saa ya ukutani iwe imeshushwa kabla ya Jumatano.