Ukurasa Ulioshonwa

Jumatano, tarehe kumi na moja Juni, saa nne asubuhi, nilimpoteza mke wangu. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka ishirini na sita, na mingi kati ya hiyo katika nyumba moja ya mtaa wa Free Area, hapa Nakuru. Wiki iliyofuata nilipoteza vitabu vyetu. Vitabu nilivipoteza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mimi niliishia darasa la nane na nafanya kazi ya kusaga unga. Yeye alifika kidato cha pili, akawa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya duka la jirani. Hakuna aliyetutuma kusoma. Mwaka wa kwanza wa ndoa redio iliharibika, na yeye akanunua kitabu kutoka kwa mtu anayetandaza vitabu vya mtumba kwenye gunia mjini. Kilikuwa kitabu cha kufuga kuku. Hatukuwa na kuku hata mmoja. Tulikisoma chote, zamu kwa zamu, na mpaka leo nakiheshimu. Mwandishi wake alisema wazi kwamba kuku watakufa, kisha akaeleza watakufa kwa nini na utajuaje.

Tatizo likawa ni kuzungumza. Nikianza mimi kusoma, nilimwaga yote kabla yeye hajafika katikati. Akianza yeye, mimi nilisoma nikitafuta yale aliyokwisha sema. Siku moja akasema, "Wewe ukisikia maoni yangu unayaimba kama kwaya." Akachukua penseli, akaandika maoni yake kwenye ukurasa mtupu ulio mwishoni mwa kitabu, akaukunja ukurasa huo na kuushona kwa uzi mwekundu. Alipiga bandi tu, ile mishono mirefu ambayo fundi hushikizia kitambaa kabla ya kushona kwenyewe.

"Ukimaliza, kata," akasema. "Ukikata kabla, nitajua."

Hiyo ndiyo ikawa desturi yetu. Aliyemaliza kwanza aliandika, na ukurasa ukashonwa. Aliyemaliza wa pili alikata uzi kwa wembe, akasoma, akaandika yake chini. Ndipo tulipobishana.

Tulisoma chochote kilichopatikana. Kulikuwa na kitabu cha namna ya kuwa tajiri, ambacho mimi nilikipenda sana, hata nikaanza kuamka mapema kama kilivyoagiza. Nilipokata uzi nikakuta ameandika: "Huyu ametajirika kwa kutuuzia hiki." Kulikuwa na historia ya reli. Babu yangu alikuja Nakuru kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, kwa hiyo nilisoma polepole nikifikiri labda nitamkuta humo. Sikumkuta. Mke wangu aliandika kwamba reli yote ile ilijengwa na hakuna mahali mtu alipopikiwa chakula, kwa hiyo hakiamini kitabu hicho.

Riwaya moja ya upelelezi haikuwa na kurasa za mwisho. Niliirudisha kwa muuzaji.

"Boss, hiyo ndiyo yenyewe," akaniambia. "Nimekuachia muuaji uchague mwenyewe. Duka la vitabu lenye vioo watakupa hiyo nafasi?"

Mke wangu alimchagua daktari, kwa sababu alinawa mikono mara nyingi mno. Mimi nilimchagua ndugu wa marehemu. Hatukupatana mpaka mwisho.

Mashairi siyaelewi, na sitajidai. Nasoma kwa ajili ya sauti tu, jinsi maneno yanavyoshika kasi kama mashine ikianza kula mahindi. Vitabu vya mashairi yeye hakuviandikia chochote. Alishona ukurasa mtupu, nami nilikata uzi kila mara nikitumaini.

Kitabu cha mwisho kilikuwa riwaya nene ya mwanamke anayebaki peke yake shambani baada ya watu wake wote kuhama. Alikisoma akiwa tayari mgonjwa, kitandani. Alikimaliza kabla hajalazwa hospitalini, akaandika kwa muda mrefu, akashona kwa uzi uliokunjwa mara mbili. Mimi nilikwama kabla ya kufika hata robo. Nyasi zilikuwa nyingi. Mwandishi alieleza nyasi asubuhi, nyasi mchana, nyasi mvua ikikaribia, na mimi nilikuwa na mgonjwa.

Jumatatu, siku mbili kabla ya kufa, aliniuliza hospitalini, sauti yake ikiwa ndogo.

"Umemaliza kile kitabu?"

"Nimemaliza."

"Umekata uzi?"

"Nimekata."

"Unasemaje?"

"Nakubaliana na wewe."

Alinitazama. "Yote?"

"Yote."

"Hata lile la mwisho?"

"Hata hilo."

Alifumba macho. "Basi sawa," akasema. "Nilidhani utakataa."

Sikuwahi kumdanganya juu ya kitabu kabla ya siku hiyo. Nilifikiri nina wakati wa kukisoma, kukata uzi, na kujua nimekubali nini. Jumatano akafa.

Tulimzika Njoro, karibu na kwao. Kwao nguo za marehemu hugawanywa na dada zake, na siku ya kugawa walikuja nyumbani kwangu. Kulikuwa na maboksi mawili chini ya meza. Moja lilikuwa na vipande vya vitambaa, jingine vitabu. Dada yake mkubwa alisimama mlangoni akaniuliza, "Shemeji, na hili boksi?" Nilikuwa nimekaa na wageni. Sikugeuka kutazama. Nikadhani ni la vitambaa, kwa kuwa ndilo ambalo wanawake wangelitaka.

"Chukueni," nikasema. "Chukueni tu."

Baada ya siku nne niliinama kutafuta kiatu, nikaona vitambaa.

Nilimpigia simu shemeji. "Si ulisema tuchukue?" akasema. "Tena tulishangaa. Tukasema, huyu mzee ameamua kuacha kusoma." Vitabu vyote vilikuwa kwake, Njoro. Kanisa lao lilikuwa limeanzisha maktaba kwenye chumba cha nyuma, na yeye ndiye aliyekabidhiwa ufunguo. Nilimuuliza kama kuna kimoja kinene, chenye ukurasa ulioshonwa kwa uzi mwekundu. Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza nilichomsikia tangu mazishi.

"Hivyo vyote vilikuwa vimeshonwashonwa na kukatwakatwa. Njoo uone nilivyovitengeneza."

Nilienda Jumapili baada ya ibada. Vilikuwa vimepangwa kwenye rafu mpya, kila kimoja kimevalishwa gazeti na kuandikwa namba. Kile kinene kilikuwa pembeni. Nilifungua mwisho. Ukurasa ulikuwa umenyooshwa na ulikuwa mweupe.

"Hapa paliandikwa," nikasema.

"Penseli tupu," akasema shemeji. "Vyote vilikuwa hivyo, shemeji. Nilikaa na raba siku mbili nzima mpaka kidole kikauma. Ningepelekaje kanisani vitabu vya dada yangu vikiwa vichafu? Watu wangesema nini?"

"Ulisoma kabla ya kufuta?"

"Nisome na nini? Miwani yangu ilikanyagwa siku ya mazishi. Na yeye alikuwa anaandika kama kuku amepita." Akaweka mkono juu ya rafu. "Lakini tazama sasa. Si ni kama vipya?"

Nilipeleka kitabu dirishani. Nikakiinamisha huku na huku kama nilivyoona watu wakikagua noti. Mke wangu alikuwa na mkono mwepesi, wa mtu aliyezoea chaki juu ya kitambaa, na hakuacha alama kwenye karatasi. Matundu ya sindano ndiyo yaliyobaki, mstari mmoja ukingoni.

"Ni kama vipya," nikasema. "Asante, mama." Yeye naye alikuwa amezika dada yake, na kwa siku mbili kazi hiyo ilimpa mahali pa kuweka mikono.

Niliazima kitabu. Aliandika jina langu kwenye daftari, wiki mbili, kama mtu mwingine yeyote. Kuna watu wa kanisa letu walikuwa wameniletea kijitabu cha kufariji waliofiwa, na nilikisoma kwanza, mara mbili. Ni kizuri. Kimeandikwa kwa mtu mwingine. Kisha nikaingia kwenye nyasi.

Sasa naweza kusema nilichoona. Nyasi zile zina maana yake. Mwanamke yule hana mtu wa kuzungumza naye, kwa hiyo anatazama, na mwandishi anakulazimisha utazame naye mpaka uchoke kama yeye. Katikati ni kitabu kizuri kuliko vyote tulivyowahi kuwa navyo. Mwisho sikuupenda. Katika sura ya mwisho anafunga mlango, anaweka ufunguo chini ya jiwe na kuondoka, bila kusema anakwenda wapi, na tunatakiwa kufurahi. Nilisoma sura hiyo mara tatu nikijaribu kusikia mke wangu angesema nini juu yake. Huenda aliandika kwamba mwanamke alifanya vizuri kuondoka. Huenda aliandika kwamba alifanya vibaya. Huenda lile jambo la mwisho halikuhusu kitabu kabisa. Nilikubali, na sijui nilikubali nini, na hakuna mtu wa kumuuliza.

Siku ya mwisho ya wiki mbili nilichukua penseli. Kwenye ukurasa ule mweupe niliacha nafasi kubwa juu, mahali pake, nikaandika chini: "Ulipouliza sikuwa nimekimaliza. Nimekimaliza leo. Ni kizuri, lakini mwisho wake sikubaliani nao."

Ningeweza kuomba kitabu kibaki kwangu. Sikuona sababu. Jumapili nilikirudisha Njoro. Shemeji alikuwa na miwani mipya. Alinimiminia chai, akakata jina langu kwenye daftari, kisha akapekua kitabu toka mwanzo hadi mwisho kuona kama nimekunja kurasa. Alipofika ukurasa wa mwisho akasimama. Alisogeza kichwa nyuma kidogo, akatazama mwandiko bila kuusoma, kama anavyotazamwa mtoto mwenye tope.

"Shemeji. Hata wewe?"

Alifungua droo, akatoa raba. Nilishika kikombe changu kwa mikono miwili. Alifuta mistari yote mitatu, akapuliza vumbi, akakirudisha kitabu kwenye rafu.