Nilivyojifunza kuchoma enameli Kariakoo, na mgongo wa sahani unaoninyima raha hadi leo

Wakuu, nawasalimu wote, wadogo zangu na wakubwa wachache mliobaki.

Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya, miaka mingi. Leo naandika jambo ambalo hata marehemu mume wangu hakulijua. Siyo chai. Ningekuwa natunga ningejipa nafasi nzuri kuliko hii niliyonayo.

Ilikuwa miaka ile ya foleni. Vijana mnaisikia tu. Sabuni kwa kuponi, sukari kwa kujuana, na ukikutwa na kitu ambacho huna karatasi yake unaitwa mhujumu. Mtaani kwetu baba mmoja alichukuliwa kwa ajili ya katoni za sabuni chini ya kitanda. Mkewe alikuwa akimjibu kila anayeuliza kwamba mume kasafiri, na sisi tukawa tunaitikia hivyo hivyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mzaliwa wa Mtaa wa Sikukuu, wazazi wametoka Masasi. Baba akaniombea nafasi ya kujifunza kazi kwa rafiki yake Mzee Awadhi, fundi wa mapambo. Baba yake Mzee alitoka Uarabuni, ila yeye alizaliwa hapo hapo Kariakoo na kwa Kiswahili alitushinda wote. Alitengeneza vikuku na vidani vya shaba, akavipamba kwa enameli.

Mnayajua yale mabakuli ya bati yenye maua, yakianguka yanabanduka rangi? Ndiyo enameli hiyo. Ni unga wa kioo wenye rangi. Unaunyunyiza juu ya shaba, unachoma, unayeyuka na kushika.

Kazi yenyewe inatisha, tusidanganyane. Shaba inasafishwa kwa tindikali, na tone moja tu lilinitoboa kanga mpaka nikalia. Tanuri lilikuwa la matofali na mkaa, uani. Unaingiza kipande kwa koleo refu, unachungulia. Unga unakuwa mweusi, unakunjamana kama ganda la chungwa, halafu mara unatulia na kung'aa. Hapo unatoa. Ukizubaa umeunguza. Siku ya kwanza Mzee alikuja kulishika koleo pamoja nami.

Alikuwa na sharti moja kubwa: mgongo kwanza. Kabla ya kupamba uso, unapaka enameli upande wa nyuma na kuuchoma. Shaba ikipoa inanywea kuliko kioo, na isiposhikwa pande zote mbili kioo kinapasuka.

Tena hakipasuki pale pale. Kinaweza kukaa saa, siku, hata wiki. Halafu unasikia "ti", kama mtu kagonga kikombe kwa ukucha.

Shida ilikuwa unga. Haukuuzwa popote nchini. Mzee aliletewa na mabaharia pale bandarini, ndani ya makopo ya maziwa, bila karatasi yoyote. Makopo tisa tuliyaficha chini ya magunia ya mkaa. Gari likisimama nje, Mzee alinyamaza katikati ya neno, likiondoka ndio anamalizia. Mpaka leo nina tabia hiyo, wanangu wananicheka.

Basi kiwanda kimoja cha nguo kikataka sahani ya shaba ya kumzawadia waziri atakayekuja kuzindua mashine mpya. Ua la pamba jeupe juu ya buluu. Mzee alikataa mara mbili. Ofisa aliyetumwa, mtu mstaarabu kabisa, akamwambia taratibu:

"Mzee wangu, wakubwa wameshajua kwamba upo."

Mzee akakubali. Nani angekataa hapo?

Akafua sahani mwenyewe, akachora ua. Siku tatu kabla ya sherehe ikaja simu ya maandishi kutoka Tanga, dada yake amefariki. Akaondoka na mkewe. Kuchoma akaniachia mimi. Mlangoni akageuka akasema, "Utaweza, Sauda. Mgongo kwanza."

Nikapima buluu. Haikutosha pande mbili. Rangi nyingine zilikuwa zimebaki vijiko tu. Kopo pekee lililojaa lilikuwa la nyekundu, na hilo alikuwa amenikataza kulifungua. Nyekundu ni ngumu, inaungua upesi, alisema ni somo la mwisho.

Nikaogopa kugusa nyekundu. Nikajiambia, mgongo nani atauona? Nikajaribu kwanza kwa kidani kimoja, uso peke yake. Kikatoka safi. Nikachoma na sahani. Wakuu, ilikuwa nzuri. Ofisa alikuja asubuhi, akaifunga kwenye gazeti, akaondoka huku akinisifu.

Mchana ule ule nilikuwa nafagia. Kile kidani rafuni kikasema "ti".

Nikakichukua. Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umekatiza katikati.

Nikakaa sakafuni na ufagio mkononi. Niliona yote kwa mpangilio. Sahani itapasuka mikononi mwa waziri. Watasema hujuma. Watauliza nani fundi, watauliza unga katoa wapi, watanyanyua magunia. Na Mzee Awadhi naye atakuwa kasafiri.

Alirudi asubuhi ya sherehe, macho mekundu kwa msiba. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakaa. Akauliza jambo moja tu.

"Mgongo ulipaka?"

"Nilipaka."

Sina utetezi. Niliogopa uso wake. Ningesema kweli, alikuwa na saa tatu nzima za kuyahamisha yale makopo.

Akavaa kanzu na koti, tukaenda wote maana fundi alialikwa. Bendi ya kiwanda ikapiga. Mimi muziki siusikii, nasikiliza sahani. Waziri akapewa, akainyanyua juu, watu wakapiga makofi. Nikaanza kupumua.

Halafu akaigeuza. Miaka ile kila kitu kiligeuzwa ili kuona kimetengenezwa wapi. Mgongo wa shaba tupu ukameremeta juani. Waziri akafurahi, akasema hii kweli ni kazi yetu, haina hata herufi moja ya kigeni. Makofi zaidi.

Mzee Awadhi hakupiga. Aliutazama ule mgongo, akanitazama mimi. Ile hofu niliyoiona machoni mwake nilikuwa nimeipika mwenyewe.

Nyumbani alitoa makopo moja moja, akayamwaga kwenye choo cha shimo, mchana kweupe, mkewe akimwaga maji. Nyekundu akaiacha mwisho. Alilifungua kopo, akalishika kidogo, ndipo aliponisemesha.

"Ungetumia nyekundu. Kwa mgongo hata ikiungua inafaa."

Akamwaga.

Hakuja mtu. Si wiki ile, si mwaka ule. Kila gari lililosimama nje tulijua ndilo, na halikuwa lenyewe. Nilimwomba radhi akasema yameisha, na kweli hakunisema tena. Ila hakuchoma enameli tena hadi anaingia kaburini. Alibaki kuunga vikuku vilivyokatika. Ile nyekundu sikujifunza.

Nilichojifunza ni hiki, wakuu: ukikosea, sema mapema, mwenzio apate muda wa kujiokoa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi maradhi yangu yangemuumbua mtu mwingine.

Mwenye la kusema aseme, hata kunishambulia ruksa. Ila nina ombi. Kama baba au babu yako alikuwa kwa wakubwa miaka ile, na nyumbani kuna sahani ya buluu yenye ua la pamba, naomba uigeuze. Mgongo ukiwa shaba tupu, ni yangu. Siitaki irudi.

Niambie tu kama ilipasuka.