Mwenye Studio na Biro Nyekundu

Mwenye studio ya picha mtaani Gatina alikuwa na sharti moja: mtu akikuonyesha picha, mwambie ukweli, si kile anachotaka kusikia. Riziki yake ilikuwa picha za pasipoti, na vidole vyake havikukosa wino wa printa. Kila mara Nalianya, fundi wa mageti wa jirani, aliporudi kutoka kwao Bungoma, alimletea picha alizopiga safarini kwa simu. Mzee alizichapisha kwenye karatasi ya kawaida, akavaa miwani, akazungushia kasoro kwa biro nyekundu. "Hapa ungesogea hatua mbili kushoto, huu waya wa stima usingeonekana." Nalianya alicheka. "Mzee, hata malaika akikuletea picha utamwambia bawa limekatwa!" Lakini safari iliyofuata hapakuwa na waya.

Desemba iliyopita alileta picha moja tu: mamake akivuka mto juu ya mawe, viatu mkononi, akicheka. Mzee aliitazama hadi chai ikapoa. Biro ilizunguka hewani, isipate pa kutua. Kwa miaka thelathini ya kazi, yeye mwenyewe hakuwahi kupiga picha nzuri kama ile.

"Si hii iko poa, mzee? Sema tu."

Mzee akachora duara penye anga tupu. "Hapa umeacha nafasi kubwa mno."

Nalianya alikunja karatasi polepole, akasema, "Sawa." Hajaleta picha nyingine tena. Uongo ule mmoja ulimpotezea mzee rafiki wa pekee aliyekuwa naye Gatina.