Wimbo wa Kibengali uliomwokoa dada yangu kwenye barrière ya Fizi

Wakuu, salamu kutoka Baraka. Kila nikisimulia hii ya wakati wa vita, watu wananiuliza nimekunywa nini. Sinywi. Someni mpaka mwisho, halafu ndiyo mniite muongo. Na Kiswahili changu cha Kongo mkivumilie.

Tulikuwa wanafunzi wa institut ndogo ya ualimu hapa Baraka. Masomo yalikuwa ya kubahatisha. Risasi zikilia, maprof wanavuka ziwa kwenda Kigoma, sisi tunabaki tunatazamana.

Basi tukaanzisha groupe ya muziki. Ya nyimbo za Kibengali.

Ndiyo, Kibengali. Msicheke bado.

Kulikuwa na daktari wa misaada kutoka Bangladesh, jina lake Rafiq. Sisi tukamwita Docteur Rafiki, naye akaitika. Jioni akinawa mikono alikuwa anaimba, sauti tamu mno. Tukamwomba atufundishe, akatufundisha kwa mdomo. Maana ya maneno hatukuipata, kwa sababu Kifaransa chake kilitosha tu kuuliza unaumwa wapi.

Vita ikasogea, daktari akaondolewa, tukabaki na nyimbo zake.

Tuliimba harusi, tuliimba matanga. Walokole wa jirani walidhani tunanena kwa lugha, pasta wao akawa serious kabisa anatafuta mfasiri.

Mwimbaji wetu alikuwa Riziki, dada yangu, mama mmoja baba mmoja.

Siku moja prof wetu alikuwa anaoa kule Fizi. Mama akaniambia niende na Riziki na nimrudishe mzima. Tukapanda kwa miguu, tumebeba guitare, ngoma, na bidon, dumu la kupigia mdundo. Riziki alikuwa mbele, anafanya répétition, mazoezi ya wimbo, kwa sauti.

Tukaangukia barrière, kizuizi cha barabarani cha wapiganaji wa msituni, wale wa dawa ya maji. Kwa msiojua: wananyunyiziwa maji, wanaamini risasi haitawaingia. Kabla ya kupigana mmoja anaita "Maji!", wote wanajibu "Maji!" Na mwanamke asiwaguse, dawa inakufa.

Chef wao, mkuu wa barrière, alikuwa amemsikia Riziki.

"Hii luga ni ya nani?"

Nikamwambia ni ya Babengali.

"Babengali bako upande gani?"

Wakuu, hilo swali sikuwahi kulifikiria maishani mwangu.

Wakati ule, ukisikika na lugha isiyojulikana, umekwisha. Chef akasema Riziki ni mpelelezi, apandishwe mlimani. Waliopandishwa kule hatukuwaona tena. Nilimuwaza mama aliyeniambia nimrudishe mzima.

Riziki hakulia. Aliwaambia basi wausikie wimbo kwanza, wahukumu baadaye. Akaanza.

Kwenye kiitikio kuna neno sisi tulilitamka "maji", unalivuta mpaka pumzi iishe. Alipolivuta, wapiganaji wote wakajibu kwa mazoea tu: "Maji!"

Chef akawatazama kwa hasira. Riziki akalivuta tena. Wakajibu tena, na chef mwenyewe humohumo.

Ikawa show. Walifurahi mpaka wakaimwagia ngoma yetu dawa. Ngozi ikalegea, ikawa inalia kama godoro.

Mwisho chef akauliza wimbo unasema nini. Riziki akajibu papo hapo:

"Inasema: Maji, unirudishe kwa mama."

Chef akaondoa mwenyewe mti uliofunga njia. Kisha akasema tupite, ila kuanzia leo huo wimbo ni wao.

Harusini tulikuta chakula kimekwisha.

Na kweli waliuchukua. Wakawa wanashuka vitani wakiimba Kibengali. Sisi soko likafa, maana tukianza tu kuimba Baraka, watu wanaingia uvunguni.

Vita ilipotulia nilikutana Uvira na askari wa kofia za bluu wa Umoja wa Mataifa, Mbengali. Nikamwimbia. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akanieleza kwamba neno ni majhi, mwenye mtumbwi. Mtu yuko ng'ambo, anamwomba mwenye mtumbwi amvushe arudi kwa mama yake.

Nilimkimbilia Riziki kumwambia kwamba alibuni akapatia. Hata hakushangaa.

"Sikubuni. We ulifikiri Docteur akiuimba kila jioni alikuwa anamlilia nani, kama si mama yake?"

Somo nililopata: miaka yote ile nilikuwa naimba, yeye alikuwa anasikiliza.

Kama humu kuna anayejua Kibengali, anitafute atutafsirie wimbo wa pili. Huo tuliuimba sana kwenye matanga, na roho yangu haijatulia.