Wiki Tatu za Mwani Nisioupima

Tulianua matanga ya mdogo wangu Jumapili, Jumatatu nikarudi kazini Kimbiji.

"Hata wiki moja hupumziki?" mama aliniuliza.

Nikamwambia mwani hausubiri. Haikuwa kweli. Ni mie niliyekuwa siwezi tena kukaa kwenye ile nyumba ya Mabibo, watu wakiingia na kutoka, kila mmoja na pole yake.

Kazi yangu ilikuwa kutunza matangi tisa chini ya paa la makuti, hatua chache kutoka ufukweni. Tulikuza mwani wa kijani, ule wenye vijipira kama kichala cha zabibu, unaoliwa mbichi kwa ndimu. Matangi matatu yalikuwa na maji ya bahari kama yalivyo. Matatu tuliyapulizia gesi ya kaboni kidogo ili asidi iongezeke, na matatu ya mwisho tukayapulizia zaidi. Mtafiti aliyeniajiri, mama wa makamo tuliyemwita Dokta, alisema moshi wa magari na viwanda sehemu yake huishia baharini na kuyatia maji asidi. Alitaka kujua chakula hiki kitakuaje huko mbele.

Kila asubuhi nilitakiwa kuutoa mwani, kuukausha kwa kitambaa mpaka uache kuchuruzika, kuupima kwenye mizani na kuandika.

Siku ya kwanza nilipima yote. Siku ya pili nilipima matangi manne, nikakaa juu ya ndoo niliyoipindua, nikatazama mapovu yakipanda. Nilipoangalia saa ilikuwa adhuhuri. Uzito wa matangi matano yaliyobaki nikauandika bila kuyagusa. Sikuona aibu. Sikuona kitu chochote.

Kuanzia hapo sikupima tena. Nilidhani najua kwamba asidi inaua, basi daftarini uzito wa mwani wa maji ya kawaida nikauongeza kidogo kila siku, wa maji ya asidi nikaupunguza. Mama alipiga simu kila mchana.

"Umekula?"

"Nimekula."

Na hilo pia nilikuwa nalibuni.

Ijumaa ya wiki ya tatu Dokta alikuja kutoka mjini. Akaketi na daftari langu, akalifunua nyuma na mbele.

"Mbona uzito unashuka sawasawa hivi?" aliuliza. "Kiumbe hai hakiendi hivi. Kuna siku kinasimama, kuna siku kinaruka."

"Sikupima," nikasema.

"Siku gani?"

"Karibu zote. Nilikuwa naandika tu."

Nilimngoja anifokee. Alivua miwani akaifuta kwa upande wa khanga yake, kwa muda mrefu.

"Tangu msiba?"

"Ndiyo."

"Pole, mwanangu. Lakini hizi zote tunazifuta. Utaanza upya au nitafute mtu mwingine?"

Nilitaka kumwambia atafute mtu. Nikasikia nimesema nitaanza upya, kwa sauti ileile ambayo ningeagizia chai.

Tukakata mwani mpya, tukamwaga maji, tukaanza. Safari hii nilipima kila tangi, siku nyingine mara mbili, kwa sababu sikujiamini. Maji yenye asidi nyingi yaliupausha mwani. Vijipira vikawa laini, vikikatika mkononi. Hilo nililitarajia. Ila ule wa asidi kidogo ulikua vizuri, ukaupita hata ule wa maji ya kawaida. Katika daftari la kwanza nilikuwa nimeuandika kama unaokufa.

"Unaona?" Dokta alisema, akicheka peke yake juu ya mizani. "Hiyo gesi mwani nao unaila kidogo, kama mimea ya shambani. Ikizidi ndiyo inaushinda. Hufurahi?"

"Nimeona, Dokta."

Alinitazama, akafunga daftari. "Jumatatu usije. Nenda kwa mama yako. Matangi nitayaangalia mwenyewe."

Nikaenda Mabibo. Mama alikuwa amefua nguo za mdogo wangu, zimejaa kamba yote. Nilipomwamkia alinikabidhi beseni, nikaanza kuzianua, gauni moja moja, nikizikunja.