Sikio la Mama Vikombe

Ofisini kwetu, tunakochunguza uyoga, tunamwita Mama Vikombe, kwa sababu ya uyoga mwekundu wenye umbo la kikombe anaoukausha na kuuhifadhi kwenye bahasha. Kalamu ya kuandikia kumbukumbu za uyoga huo haruhusiwi mtu kuigusa. Huichomeka kwenye kilemba, akaisahau, kisha akatushuku sote. Ukiletwa uyoga mbichi, huzima feni, nasi tunanyamaza kama maji mtungini. Huupulizia pumzi na kuutegea sikio. Uyoga hutoa moshi mwembamba wa mbegu zake, na pamoja na moshi, mlio mdogo kama wa mafuta yanayoanza kupata moto. Mlio huo lazima auandike. “Ukishakauka ndio basi, hausemi tena,” hutuambia.

Jana alipuliza, moshi ukatoka. Akageuza sikio la pili, akapuliza tena, akakunja uso.

“Mwanangu, umesikia kitu?”

Nilikuwa mlangoni, na nilikuwa nimesikia. “Ndiyo, mama.”

Akautazama uyoga, akanitazama mimi, kama anayetafuta ni nani kati yetu anayemtania. Kisha akachomoa kalamu kilembani, akanipa.

“Basi andika wewe. Mimi sikusikia.”